Pointi, Herufi na Mtoto Mwenyewe

Swali tunalotaka kulitafakari leo laonekana kuwa la walimu na makarani wa mitihani, walakini kwa kweli ni la wazazi kwanza. Ni hili: ile herufi au ile namba moja iandikwayo mbele ya jina la mtoto matokeo yatokapo, yatuambia nini juu ya mtoto huyo? Nayo yatupa haki ya kuamua nini? Twauliza kwa sababu katika nyumba nyingi, kuanzia Matai hata Mtwara, mambo makubwa huamuliwa kwa kuitazama alama hiyo peke yake: ng'ombe auzwe kwa ajili ya nani, nani abaki shambani, na mara nyingine, kwa aibu yetu sote, binti yupi aozwe kabla ya wakati wake.

Tumeitaja Matai kwa makusudi. Ni makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, juu ya uwanda wa Ufipa, katika barabara itokayo Sumbawanga kwenda bandari ya Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika. Watu wake wengi ni wakulima wa mahindi, maharage na ulezi, nao ni mabingwa wa mambo ya vipimo kwa kuwa wameumizwa navyo. Mnunuzi akisema, "Nipe bei ya gunia," mkulima wa Ufipa hamjibu mara moja. Huuliza: Gunia lipi? Lililoshonwa mdomo wake, au lumbesa iliyoongezewa kilemba juu? Sheria yaikataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo huikemea, lakini mkulima hakungoja sheria ili ajue ya kuwa magunia mawili yenye jina moja yaweza kuwa na mahindi yasiyolingana kabisa. Basi ajabu ni hii: mtu huyo huyo, aliye macho sana juu ya gunia, akiambiwa kwamba mwanawe "amepata Tatu" au "ana GPA ya mbili," haulizi neno. Hushangilia au hununa, na mambo yamekwisha.

Na tuulize kwa ajili yake.

Katika mtihani wa Kidato cha Nne, kwa utaratibu unaotumika sasa, mtahiniwa hupata kwanza alama katika mia kwa kila somo. Alama hizo hugeuzwa kuwa herufi: 75 hata 100 ni A, 65 hata 74 ni B, 45 hata 64 ni C, 30 hata 44 ni D, chini ya 30 ni F. Kisha kila herufi hugeuzwa kuwa pointi: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Masomo saba aliyofanya vizuri zaidi hujumlishwa pointi zake. Jumla ya 7 hata 17 ni Daraja la Kwanza. 18 hata 21 la Pili. 22 hata 25 la Tatu. 26 hata 33 la Nne. Na 34 au 35 ndiyo ile Sifuri inayoogopwa. Pointi hizi basi ni kama deni dukani: aliye nazo chache ndiye aliye heri.

Msomaji ataona ya kuwa mtoto amegeuzwa mara tatu, kutoka alama kuwa herufi, kutoka herufi kuwa pointi, kutoka pointi kuwa daraja. Na katika kila mgeuzo kitu fulani kimedondoka njiani. Tuchukue wanafunzi watatu. Wa kwanza amepata 65 katika kila somo la yale saba. Hizo ni B saba, yaani pointi 14, Daraja la Kwanza. Wa pili amepata 64 katika kila somo: ni C saba, pointi 21, Daraja la Pili. Wa tatu amepata 45 katika kila somo: naye pia ni C saba, pointi 21, Daraja la Pili. Jumlisha alama zao za asili. Wa kwanza ana 455, wa pili 448, wa tatu 315. Wale waliotengana kwa alama 7 wametiwa katika madaraja mawili, na wale waliotengana kwa alama 133 wamekalishwa benchi moja. Hakuna aliyeiba wala aliyependelewa. Hesabu ni sahihi tangu mwanzo hata mwisho. Hata hivyo, mzazi wa yule wa pili atakayemwambia mwanawe, "Mwenzako amekushinda mbali," amesema uongo, ingawa cheti kiko mkononi mwake.

Hayo yatokea wakati ngazi imesimama mahali pamoja. Lakini katika nchi yetu ngazi yenyewe imehama, tena si mara moja. Wasomaji wetu wengi hawajasahau mwaka 2013. Mwezi wa Februari mwaka huo yalitangazwa matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, na watahiniwa zaidi ya 240,000, yapata asilimia 60 ya wote, walikuwa wamepata Sifuri. Nchi ilishtuka. Waziri Mkuu akaunda tume, Serikali ikayafuta matokeo yale na kuamuru yapangwe upya kwa utaratibu uliotumika mwaka uliotangulia, na mwezi wa Mei yakatangazwa tena. Maelfu ya vijana waliokuwa wameanguka Februari wakawa wamefaulu Mei. Walijifunza nini katika miezi ile mitatu? Hawakujifunza kitu, wengi walikuwa nyumbani wakiona haya kupita mbele za watu. Karatasi walizoandika zilikuwa zile zile, na majibu yao yale yale.

Mwishoni mwa mwaka 2013 ikaja ngazi mpya ya herufi: A tangu 75, B+ tangu 60, B tangu 50, C tangu 40, D tangu 30, E tangu 20, na F chini ya hapo. Halafu matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2014, yaliyotangazwa Februari 2015, yakatolewa kwa GPA, yaani wastani wa pointi za masomo, na yale madaraja ya zamani yakapokewa na maneno Distinction, Merit, Credit na Pass. Utaratibu huo haukukaa. Januari 2016 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, ambaye zamani alikuwa Katibu Mtendaji wa Baraza hilo hilo la Mitihani, aliagiza madaraja yarudishwe. Kwa hiyo kijana aliyepata alama 60 mwaka 2014 alipewa B+, na ndugu yake apatae 60 leo apewa C. Wakikaa chini ya mwembe mmoja wakionyeshana vyeti, mkubwa atadhani ana akili kuliko mdogo wake.

Je, kuihamisha ngazi ni dhuluma? Hatusemi hivyo moja kwa moja. Kipimo ni kazi ya wanadamu, na wanadamu waweza kukirekebisha kikiwa kibovu. Tena aliyekigundua kuwa kibovu akanyamaza ndiye mwenye kosa. Lakini Torati ya Musa iliwakataza watu kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko mmoja, kubwa na dogo, na sababu yake yaeleweka sokoni Matai kama ilivyoeleweka zamani zile: mwenye mawe mawili hutumia lile limfaalo yeye. Basi swali la kumwuliza kila abadilishaye ngazi ni hili, unalitoa jiwe la pili ili kumwona mtoto vizuri zaidi, au ili aibu yetu sisi wakubwa ipungue? Shule isiyo na mwalimu wa hisabati haipati mwalimu kwa sababu mpaka wa kufaulu umeshushwa. Mgonjwa hapoi kwa kubadilishiwa kipimajoto.

Turudi kwenye huo wastani, kwa maana ndiyo habari inayowatatiza wazazi kupita zote. Katika GPA ile ya mwaka 2014 pointi ziligeuzwa kichwa chini miguu juu: A ilikuwa pointi 5, C pointi 2, D pointi 1, F haina kitu. Hapo pointi si deni tena, ni akiba. Aliye nazo nyingi ndiye bora. Sasa wafikiri mabinti wawili. Wa kwanza amepata C katika masomo yake yote saba. Pointi zake ni 14. Gawa kwa 7, wastani ni 2.0. Wa pili amepata A katika hisabati na A katika fizikia, C katika kemia, D katika biolojia na D katika jiografia; mengine yote ameanguka, na mawili kati ya hayo ndiyo yatimizayo yale saba. Pointi zake ni 5 na 5, na 2, na 1 na 1: jumla 14. Gawa kwa 7, wastani ni 2.0. Kwa GPA, hao ni mapacha. Wapime sasa kwa madaraja, herufi zikiwa zile zile. Wa kwanza ana 21, Daraja la Pili. Wa pili ana 23, Daraja la Tatu. Ngazi moja yasema wako sawa, nyingine yasema mmoja amemzidi mwenzake. Mwalimu wao, aliyewafundisha miaka minne, angecheka akiambiwa lolote kati ya hayo mawili, maana anajua kwamba hawa ni watoto wawili tofauti kama mahindi na ulezi.

Na GPA haijatoweka. Ndiyo sababu twaona vema wazazi waielewe. Katika orodha za matokeo ya shule mtaiona GPA ya shule nzima, nayo hufuata ile hesabu ya deni: shule iliyokaribia 1 ndiyo hodari, iliyokaribia 5 ndiyo iliyo taabani. Kijana huyo huyo akiingia Chuo Kikuu, hesabu hugeuka kuwa ya akiba. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Pointi za kila somo huzidishwa kwa uzito wa somo hilo, yaani uniti zake, kisha jumla hugawanywa kwa uniti zote. Aliyepata A katika somo la uniti 2 na C katika somo la uniti 4 asidhani yuko katikati ya 5 na 2. Mara mbili tano ni 10, mara nne mbili ni 8. 18 kwa 6 ni 3.0. Hiyo ni pointi ya B, herufi ambayo kijana wetu hakuipata mahali popote! Kwa mwisho wa masomo, 4.4 hata 5.0 ni shahada ya daraja la kwanza, 3.5 hata 4.3 ni daraja la pili la juu, 2.7 hata 3.4 ni la pili la chini, 2.0 hata 2.6 ni kupita tu. Mwana aliyeko Marekani akiandika barua kwamba ana GPA ya 4.0, amefika kileleni, kwa kuwa kule vyuo vingi huhesabu A kuwa 4 na hakuna zaidi. Mwenzake wa Dar es Salaam mwenye 4.0 ana wastani wa B+, na bado hajafika daraja la kwanza. Jirani zetu nao wana ngazi zao: Kenya, katika mtihani wa mwisho wa sekondari, A ni pointi 12 na E ni 1, Uganda, mtoto bora kupita wote katika mtihani wa mwisho wa shule ya msingi hupata jumla ya 4, ambayo ni A kwa mwanafunzi wa Chicago. GPA isiyotajwa kilele chake ni kama bei isiyotajwa fedha yake.

Wako watakaosema, kama mambo ni hayo, tufute alama zote na kila mtoto aelezwe kwa maneno. Hatuwaungi mkono. Kila mwaka sasa watahiniwa zaidi ya 500,000 hufanya mtihani wa Kidato cha Nne, na maofisa wa Dodoma wapangao nafasi za Kidato cha Tano hawawezi kumjua kila mmoja kwa jina na tabia. Maneno ya sifa, tena, hununulika. Mzazi mwenye cheo angepata barua ndefu yenye sifa tamu, na mjane wa kijiji cha mbali asingepata hata mstari. Namba haimjui mtoto wa diwani. Katika nchi ambamo ujamaa wa damu una nguvu kama kwetu, kipimo kisichotazama uso ni ngao ya maskini, na atakayeivunja ngao hiyo kwa kuuza mtihani au kuununua anamwibia yule asiye na mtetezi. Kwa hiyo hatuichukii herufi, wala pointi, wala wastani. Twasema tu kwamba wastani ni habari iliyofupishwa kwa ajili ya watu wasiomjua mtoto. Nasi tunamjua.

Hapo ndipo ulipo moyo wa jambo. Mgeni ana haki ya kusoma ufupisho kwa sababu hana njia nyingine. Mzazi anayo njia nyingine, naye akiutumia ufupisho peke yake, amejifanya mgeni nyumbani kwake. Tena yako mambo ambayo wastani hauna neno la kweli kabisa. Mfikiri dereva ashukaye na basi kutoka juu ya uwanda kwenda Kasanga. Katika usukani ana A, katika breki ana F. Wastani wake si mbaya. Nani kati yetu atapanda basi hilo? Mwuguzi hodari wa usafi asiyejua kugawanya dozi haokolewi na usafi wake. Katika kazi za namna hiyo lazima kila sehemu isimame yenyewe, na nguvu ya hapa haiwezi kulipa udhaifu wa pale. Kwa upande mwingine yako mambo ambayo udhaifu wa pale hauna haki ya kuizika nguvu ya hapa. Fundi seremala haulizwi kama anajua kuimba. Wastani hauwezi kutuambia tuko katika jambo la namna gani. Hilo ni lazima liamuliwe na akili ya mtu mwenye kujua kazi inataka nini, na mtoto ana nini.

Mwanzoni mwa mwaka 2023, lilipotangaza matokeo ya mwaka 2022, Baraza la Mitihani liliacha desturi ya kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Wengine walinung'unika. Sisi twaona ilikuwa hatua njema, kwa kuwa shule yenye maabara na umeme, iliyochagua wanafunzi wake kwa mtihani, na shule ya kata ambayo watoto wake huamka alfajiri kutembea mwendo mrefu katika ukungu wa Ufipa, hazikuwa zikishindana kamwe. Lakini ile orodha ya kumi bora ingaliko katika vinywa vyetu sebuleni. "Mtoto wa fulani kapata Wani, wewe je?" Hapo hakuna Baraza la kutuzuia.

Twarudi kwa yule binti wa pili, mwenye A mbili na masomo aliyoanguka. Tuseme baba yake amesikia neno moja tu, "Tatu," naye amekwisha kukasirika. Shangazi zake wameanza kusema kwamba shule imemshinda, na kuna mtu amekuja kubisha hodi kwa habari ya mahari. Kama baba huyo angefungua karatasi na kuisoma somo kwa somo, kama alifunguavyo gunia na kutia mkono ndani hata chini, angeona jambo ambalo daraja limelificha. Ili mtoto afikiriwe kwa Kidato cha Tano hutakiwa awe na masomo yasiyopungua matatu yenye A, B au C, na pointi zake zisizidi 25. Binti huyu ana masomo matatu hasa, na pointi zake ni 23. Nayo masomo yenyewe ni hisabati, fizikia na kemia, yaani yale matatu ambayo kwa pamoja humpeleka mwanafunzi katika mchepuo wa sayansi, na huko mbele katika uhandisi, ambako nchi hii bado ina wasichana wachache mno. Nafasi hazimtoshi kila astahiliye, hilo twalijua. Lakini jina lake halijakatwa katika orodha yoyote ila ile ya baba yake. Karatasi ingali mezani, na mgeni wa mahari angali barazani akingoja jibu.